Siku Nilipomwita Mchumba wa Shangazi Gumegume

Nilicheka makaburini. Naanza na hilo kwa sababu limeshasemwa sana, na waliolisema hawakuniuliza. Tulikuwa Ihumwa, tumemzika Mzee Yona, mume wa shangazi yangu Sechelela. Udongo ulikuwa bado mbichi na mchungaji alikuwa amemaliza sala. Shangazi akasogezwa mbele aweke shada. Hakuliweka kwanza. Akainama, macho yake siku hizi hayaoni vizuri, akaupapasa udongo kwa kiganja, akasema kama mtu anayemuaga mwenzake anayekwenda sokoni, "Haya, nenda. Nenda, gumegume wangu."

Mabinti waliokuja na magari wakaangalia chini. Mkwe mmoja akakohoa. Nyie wenzangu mnajua, na wao wanajua, kwamba mume gumegume ni mwanamume jina, suruali iliyoanikwa kwenye kamba. Na hapa mjane anamwita hivyo marehemu mbele ya kanisa zima. Ndipo nikacheka. Nikacheka mpaka mjukuu wangu Neema akanishika kiuno akidhani nimezidiwa. Sikuzidiwa. Nilikuwa najua neno lile lilitoka wapi, kwa sababu aliyelileta ni mimi.

Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo msingojee maneno ya kupamba. Nitasema lilivyokuwa.

Nililelewa na babu na bibi, wazazi wa baba yangu, hapo hapo Ihumwa, katika tembe lenye paa la udongo. Upande mmoja ilipita reli, upande mwingine mashamba ya uwele. Juu ya mahali alipolala Babu lilining'inia gobore. Moshi wa miaka mingi ulikuwa umelipaka weusi mpaka ukilitazama kwa haraka unadhani ni boriti nyingine ya paa. Babu alisema baba yake alilipata kwa watu wa misafara, wale waliopita Ugogo wakitoka pwani na kurudi pwani, wakilipa hongo ili wapewe maji. Wengi walilipa vitambaa na shanga. Mmoja akalipa bunduki. Babu alisema huyo lazima alikuwa na kiu mbaya sana.

Wazee wengine pale kwetu walikuwa na magobore ya fataki. Fataki ni kikofia kidogo cha shaba. Unakivika kwenye chuchu ya bunduki, nyundo inakigonga, kazi imekwisha. Babu alizidharau bunduki hizo, alisema ni za wavivu. La kwake lilikuwa la zamani zaidi. Lilikuwa la jiwe.

Karatasi ya serikali ya kulimiliki alikuwa nayo, ameikunja ndani ya kopo la majani ya chai, na kila mavuno yakikaribia alilishusha na kulilaza juu ya ngozi ya ng'ombe uani. Kisha aliniita. "Mke wangu mdogo yuko wapi? Aje na vidole vyake." Bibi alijibu kutoka jikoni kwamba mke mwenzake huyo hajui hata kuosha kibuyu, sasa anafundishwa vita. Lakini nilikwenda, maana vidole vya Babu vilikuwa kama mihogo na kazi ile ilitaka vidole vyembamba.

Alinifundisha gobore kama wengine wanavyofundisha kusoma. Hapa kitako. Hapa mtutu. Huu mdeki, fimbo ya kushindilia baruti. Hiki kikombe kidogo cha chuma pembeni kinaitwa kifa. Ndani ya kifa kuna tundu, dogo kama la sindano ya gunia, linaloingia mpaka tumboni mwa mtutu. Kazi yangu ilikuwa kulizibua tundu hilo kwa mwiba wa mgunga. Majina yote hayo yalikuwa ya Kiswahili. Bunduki ilikuja na watu wa Kiswahili, na Kigogo hakikuwa na majina ya vitu hivyo. Basi Kiswahili changu cha kwanza kilikuwa cha bunduki. Kabla sijaweza kusema naomba chumvi, nilijua kusema shindilia.

Juu ya kifa alisimama jogoo. Ndivyo Babu alivyokiita kile chuma kilichopinda shingo, chenye taya mbili na parafujo ya kuzibana. Katikati ya taya lilikaa jiwe, limefungwa kipande cha ngozi ya mbuzi ili lisiteleze. Jiwe hilo ndilo gumegume. Mbele yake kilisimama kibao cha chuma, na kibao hicho hicho ndicho kilichokuwa kifuniko cha kifa. Unamvuta jogoo nyuma mpaka alie ka. Unabonyeza kifyatulio. Jogoo anadonoa mbele, gumegume linakikwaruza kibao, kibao kinaruka na kukifunua kifa, na cheche zinanyesha kwenye baruti laini iliyomo. Ile inawaka, fyuu. Moto unaingia tunduni, unaikuta baruti kubwa tumboni. Duu.

Fyuu, halafu duu. Kati ya hizo mbili kuna nafasi ya kumeza mate mara moja, na Babu alisema hapo ndipo anapojulikana mtu. Mwoga huondoa jicho. Wakati mwingine fyuu ilikuja na duu haikuja, kwa sababu tundu limeziba. Hapo tulisema bunduki imepiga chafya, na nguruwe pori shambani waliendelea kula.

"Sasa niambie," Babu alikuwa akiniuliza kila mara tukimaliza, "kwenye bunduki hii, nani mkubwa?"

Mwanzo nilisema mtutu, kwa kuwa ni mrefu. Akatikisa kichwa. Nikasema jogoo. Akakataa. Akaligusa lile jiwe kwa ukucha. "Huyu hapa. Gumegume. Hana kelele, hang'ai, yuko katika taya za jogoo amejikunyata. Lakini bila yeye hili dude ni mchi wa kutwangia." Nililiweka moyoni kama nilivyoweka Baba Yetu. Gumegume ndiye mkubwa.

Bibi naye alikuwa na Kiswahili chake, alichokipata stesheni alikouza maziwa kwa abiria wa treni. Kilikuwa Kiswahili cha kugombana. Nyumbani alisema Kigogo, akibembeleza kwa Kigogo na kusali kwa Kigogo, lakini akikasirika alihamia Kiswahili kama mtu anayechukua fimbo nyuma ya mlango. Sikujua hilo. Mimi nilidhani kila mtu anatumia Kiswahili kwa mambo ya heshima, kama Babu na bunduki yake.

Ndipo Yona akaanza kuonekana. Alikuwa kijana wa genge la reli, wale wanaopita na nyundo wakikaza mataruma na kurudisha kokoto chini yake. Alimpenda Shangazi Seche na Shangazi alimpenda, hilo hata mbuzi walijua. Shida ilikuwa Bibi. Bibi alitaka mkwe mwenye sauti, mwenye kuingia uani ng'ombe wakageuka. Yona aliingia kimya, akaamkia, akakaa, akaondoka. Tena alitembea akiangalia chini siku zote. Bibi alisema mwanamume gani huyo anatembea kama ameangusha sindano. Na viatu vyake vilileta vumbi jeupe la reli mpaka kizingitini.

Siku moja Bibi alikuwa akipepeta uwele na jirani yetu, na jirani akauliza posa itakuja lini. Bibi akaupiga ungo, akasema kwa Kiswahili, "Yona? Yule ni gumegume tu."

Nilikuwa nyuma ya kihenge cha nafaka nikichezea pumba. Moyo wangu uliruka. Nilikuwa nimemwona Shangazi akilia kwa siri akidhani mama yake hamtaki Yona, na kumbe Bibi mwenyewe amempa cheo cha juu kuliko vyote. Nilimwonea Bibi huruma kwa kuficha mapenzi kiasi kile. Nikaamua nitanyamaza mpaka siku ya posa, niiweke furaha hiyo mahali itakapoonekana.

Posa ikaja. Yona alikuja na baba yake mdogo, mzee mmoja mnene mwenye kofia ya pama, mtu wa kujua thamani yake. Wakakaribishwa uani kwenye vigoda. Babu alikuwa amelishusha gobore akaliegemeza ukutani kwa ajili ya heshima, ingawa lilikuwa halijalia wala kuzibuliwa kwa misimu mitatu. Jiwe lake lilikuwa limekuwa butu kama jino la mzee, na ile misafara iliyoleta mawe ilishakufa na watu wake. Shangazi hakutakiwa kuonekana, kwa hiyo alikuwa ndani ya tembe amebandika sikio ukutani. Nilijua kwa sababu nilimwona kidole cha mguu mlangoni.

Niliambiwa niwanawishe wageni mikono. Nikamnawisha mzee wa pama. Nikafika kwa Yona. Alikinga mikono kando ya birika, maji yakamwagikia magoti. Bibi alikuwa amekaa mbele yake, midomo ameifunga kama mdomo wa mfuko. Nikaona wakati wangu umefika.

"Usiogope, kaka Yona," nikasema kwa sauti ya kanisani. "Bibi ameshasema wewe ni gumegume."

Mzee wa pama akauliza kwa upole mbaya, "Umesema nani amesema nini, mama?"

Nikadhani hakusikia vizuri, nikamwongezea. "Bibi. Amesema Yona ni gumegume tu. Hana kingine, ni gumegume tu."

Kidole cha mguu mlangoni kikatoweka. Mzee wa pama akaweka chini kibuyu cha maziwa alichokaribishwa, akashika bakora yake na kusimama. Alisema yeye hakutembea jua lote lile kuja kutukaniwa mtoto wa marehemu kaka yake. Yona hakusimama. Aliyatazama magoti yake yaliyolowa. Mimi nilibaki na birika mkononi nisielewe kwa nini sifa imeingia kama nyoka.

Babu akasema, "Kaeni kwanza. Mkiondoka sasa mtaondoka na tusi. Mkikaa, huenda mkapata mke na huenda msipate, lakini tusi mtaliacha hapa hapa." Akanigeukia. "Mke wangu, hebu waambie wageni. Gumegume ni nani?"

Nikasema somo langu lote, kwa hofu, bila kupumua. Gumegume ndiye mkubwa kwenye bunduki. Hana kelele, hang'ai, lakini moto unatoka kwake, na bila yeye hili dude ni mchi wa kutwangia. Nilipomaliza nilikuwa nalia. Mzee wa pama alinitazama, akalitazama gobore, kisha akakaa. Nusu ya makalio, lakini akakaa.

Hapo Bibi angeweza kunyamaza na mambo yakapita salama. Lakini nyie hamkumjua bibi yangu. Mimi nimemrithi mdomo, pimeni wenyewe.

"Mtoto hakudanganya," akasema. "Ila mimi sikumaanisha gumegume la bunduki. Nilimaanisha lile lingine." Babu akafumba macho. Bibi akaendelea, "Na hilo la bunduki mnalosifia, mbona limekufa? Misimu mitatu nguruwe wanakula shamba langu, linapiga chafya tu. Gumegume likilia leo, hapa hapa, nimtoe binti. Lisipolia, kila mtu na kwao."

Babu akainuka. Alilichukua gobore akamimina baruti mtutuni, akashindilia na kitambaa bila risasi, akaelekeza mtutu mashambani, akavuta. Jogoo akadonoa. Kra. Hata cheche moja. Akavuta tena. Kra.

Yona akasimama. Hakumwangalia mtu. Akatoka uani akashika njia ya reli, anatembea vile vile, macho chini. Mzee wa pama aliita jina lake mara mbili na hakugeuka. Ndani ya tembe nikamsikia Shangazi akitoa sauti kama ya kitu kilichokanyagwa. Nikaenda kujificha nyuma ya kihenge. Nilijua nimemuua shangazi yangu, ingawa sikujua kwa silaha gani.

Yona alikaa huko muda wa kuchemsha maharage mabichi. Kisha nikaona vumbi jeupe, na nyuma ya vumbi Yona, mifuko ya suruali imevimba. Akapiga magoti kwenye ile ngozi ya ng'ombe, akamwaga mawe. Ni kokoto za reli, lakini si zile za kawaida. Zilikuwa na rangi ya moshi, zimevunjika kingo kali kama kioo. Hapo ndipo aliposema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema.

"Baba, mimi kazi yangu ni kupiga nyundo kwenye mawe kutwa nzima. Mengi ukiyapiga yanatoa vumbi. Machache yanatoa cheche. Hayo nayajua yalipolala."

Kumbe hakuwa akitafuta sindano siku zote zile.

Alichagua jiwe moja, akaligongagonga ukingo kwa ncha ya msumari wa reli, tik, tik, mpaka likafanana na ukucha. Akalifunga kwenye ngozi ya mbuzi, akalibana kwenye taya za jogoo. Akakisugua kibao kwa mchanga mpaka kikawa na makwaruzo. Babu akatia baruti mpya kwenye kifa, akampa Yona gobore mkononi. Wote tukasogea nyuma. Yona akavuta, na cheche zikamiminika, nilizihesabu mpaka nikachanganyikiwa. Fyuu! Nikameza mate. Nikameza tena. Duu haikuja.

"Chafya," akasema Bibi.

Lakini mimi nilikuwa nimeona moshi wote umetoka kwa nje, na kwa moshi kama huo najua tundu limeziba. Nikachomoka nyuma ya kihenge. Babu alingoja kidogo, akalishika gobore mtutu ukiangalia mashamba, akaniambia nisimame ubavuni. Nikaingiza mwiba wangu wa mgunga kwenye tundu la kifa, nikauzungusha, nikautoa umevaa masizi ya misimu mitatu. Nikapuliza. Pua yangu ilijaa ile harufu, ya jiwe na chuma na kitu kilichoungua kidogo tu, harufu ya moto kabla haujawa moto.

Babu akatia baruti nyingine kwenye kifa, Yona akalipokea tena. Akavuta. Fyuu. Jicho lake halikuondoka.

Duu.

Nyie, ilikuwa duu. Mbuzi walivunja zizi. Mzee wa pama alibaki bila pama. Masizi yote ya paa la tembe yakashuka kwa pamoja, na Shangazi Seche, ambaye hakutakiwa kuonekana, akatoka mlangoni akiwa mweusi kutoka nywele hadi miguu, meno tu yakionekana. Alimtazama Yona aliyesimama ndani ya moshi na gobore lake, kisha akatazama chini, akamwambia neno la kwanza kama mke wake.

"Kung'uta viatu."

Babu alicheka mpaka akakaa chini. Mzee wa pama alicheka. Bibi hakucheka. Alijipangusa masizi usoni kwa upande wa kanga, akazidi kujipaka, akamwambia mzee yule, "Leteni hao ng'ombe kabla sijapata akili."

Nilielewa maana ile nyingine ya gumegume nikiwa nimeshaota matiti, na niliona haya kwa siku mbili hivi. Lakini nyumbani kwetu tusi lilishakufa. Shangazi alimwita mumewe Gumegume mbele za watu na faragha, akiwa na furaha na akiwa na hasira, na Bibi mwenyewe alikuja kumwita hivyo kitandani, alipokuwa anaumwa na hataki kugeuzwa na mwingine yeyote isipokuwa Yona.

Shangazi sasa anakaa kwangu Makole. Alikuja na begi moja, na kwenye pembe ya kitenge amefunga jiwe. Ndilo lile lile la siku ya posa. Nililipeleka kwa Neema, huko Kizota alikofungua karakana yake ya kuchomea vyuma. Mageti yenye maua ya chuma mnayoyaona Makole yote ni mkono wa huyo, mjukuu wangu wa kike, na wanaume wanapanga foleni kwake. Alizima grainda, akalikwaruza jiwe kwenye tupa, cheche zikaruka. Akaniambia, "Bibi, kumbe siyo jiwe linalotoa moto. Jiwe linaparuza tu. Kinachowaka ni chuma." Nikamwambia basi chuma alikuwa bibi yangu, na ule moto wote siku ile ulikuwa wake. Akasema inawezekana, kwa anavyoniona mimi.

Jioni nilirudi nalo nyumbani. Shangazi alikuwa kibarazani ameelekeza uso kwenye upepo. Nilichukua kisu cha jikoni, nikalipitisha jiwe kwenye mgongo wa kisu hicho, mara moja, kra, na ile harufu ikaja. Alikuwa haoni cheche. Akainua kichwa taratibu, pua mbele.

"Amefika," akasema. "Mwambie akung'ute viatu."